Mipako ya nyenzo zenye matabaka membamba kupindukia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ninayopigwa kila mtu akisikia nashinda maabara na mipako ya grafini na ndugu zake, ile ya kukinga metali na kutu. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo, kwa hiyo kuna majibu marefu na mengine mistari miwili tu, usishangae.

Hivi "nyenzo zenye matabaka" ndo nini hasa?

Chukua penseli uchore mstari kwenye karatasi. Ule weusi ni grafaiti iliyobanduka kwenye ncha, na imebanduka kirahisi vile kwa sababu grafaiti imepangwa kama rundo la karatasi: ndani ya kila karatasi atomu za kaboni zimeshikana kwa nguvu ya ajabu, lakini karatasi na karatasi zimelaliana tu, ukisukuma kidogo zinateleza. Karatasi moja ya hilo rundo ndo inaitwa grafini. Unene wake ni kama nanomita 0.34, yaani kwenye milimita moja ya grafaiti zinaingia karatasi karibu milioni 3. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa selotepu, wanabandika wanabandua, wanabandika tena wanabandua, mpaka ikabaki karatasi moja, na 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia.

Ila familia ni kubwa. Kuna boroni naitraidi ya pembe sita, ambayo kwa umbo ni pacha wa grafini ila haipitishi umeme. Kuna molibdenamu disalfaidi, ile poda nyeusi inayochanganywa kwenye grisi. Kuna udongo wa aina ya montmorilonaiti ambao vigamba vyake vina unene wa nanomita 1 hivi, tena huo upo ardhini bure. Na kuna zile zinazoandikwa MXene, zilitoka Chuo Kikuu cha Drexel mwaka 2011, zinapendwa sana kwenye betri ila kwenye mipako zina kasoro ya kuchekesha: zenyewe zinaoza zikikutana na maji na oksijeni.

Sasa kitu chembamba namna hiyo kitazuiaje kutu?

Kutu inataka vitu vitatu vikutane, metali, oksijeni na maji, na chumvi ikiwepo ndo mambo yanakwenda mbio. Ukimzuia mmoja tu asifike, sherehe imeharibika. Rangi ya kawaida inazuia kwa unene, lakini tusidanganyane, maji yanapita kwenye rangi, polepole ila yanapita, kwa sababu plastiki ya rangi kwa jicho la molekuli ya maji ni kama chandarua kilicholegea.

Grafini ni kitu kingine. Zile pembe sita ukiziona kwenye mchoro unadhani katikati pana uwazi, kumbe pale pamejaa wingu la elektroni na hata heliamu, atomu ndogo kuliko gesi zote, haipenyi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walifunika kishimo kidogo sana kwa karatasi moja ya grafini wakapima kama gesi inavuja, wakaona haivuji kupitia karatasi. Mwaka 2020 kundi la Manchester likarudia kwa kipimo kikali zaidi, heliamu bado ikagoma, ila haidrojeni ikaonekana inapenya kidogo. Hiyo haidrojeni ni stori ndefu, tuiache. Cha kushika ni kwamba kwa maji na oksijeni karatasi isiyo na kasoro ni ukuta.

Neno zito hapo ni "isiyo na kasoro".

Basi si tupake grafini kila mahali, tatizo liishe?

Hapa ndo watu wengi walipotea, na mimi nilikuwa mmojawapo, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Kati ya 2011 na 2012 zilitoka karatasi za utafiti zilizotia watu moyo. Kundi moja la Texas lilionyesha shaba iliyooteshewa grafini juu yake haibadiliki rangi ikipashwa moto hewani. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Vanderbilt likapima kwa njia ya umeme kwenye maji yenye sodiamu salfeti likakuta shaba yenye grafini inaliwa mara 7 polepole kuliko shaba tupu, na nikeli yenye karatasi kadhaa za grafini mara 20. Kila mtu akaruka juu.

Halafu 2013 kundi la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likafanya kitu ambacho wengine hawakuwa na subira nacho: lilisubiri. Majaribio ya awali yalikuwa ya dakika na saa, wao wakaenda mpaka miezi na zaidi, na wakakuta shaba yenye grafini imeharibika KULIKO shaba tupu. Kichwa cha karatasi yao kilisema wazi kabisa kwamba kwa muda mrefu kinga hiyo ni mbaya kuliko kutoweka chochote.

Inakuwaje? Shaba tupu ikiachwa hewani inajitengenezea ngozi nyembamba ya oksidi na hiyo ngozi inapunguza kasi ya kuharibika, imejikinga yenyewe. Ukiifunika kwa grafini yenye vitundu, maji yanaingia kwenye kitundu, na sasa una vipitishi viwili vya umeme vinavyogusana ndani ya maji, maana grafini inapitisha umeme na kwa tabia ni ya heshima kuliko shaba, haikubali kuliwa. Hiyo ni betri. Oksijeni inapokea elektroni kwenye uso mzima wa grafini, lakini elektroni zote hizo zinatolewa na shaba ya kwenye kile kitundu peke yake, eneo kubwa linadai na eneo dogo linalipa. Matokeo yake kitundu kinachimbwa kwenda chini na pembeni, huku juu kwa macho unaona bado kunang'aa.

Umeshawahi kuliona hilo kwa macho yako?

Kila mgeni akija maabara huwa namwonyesha. Nachukua kipande cha foili ya shaba, nusu ina grafini nusu haina, nakiweka kwenye sahani ya moto nyuzi 200 hewani. Dakika chache tu upande mtupu unaanza kugeuka, unakuwa wa chungwa, unaingia wekundu wa zambarau, mwisho unafifia kuwa kahawia chafu. Upande wenye grafini bado unang'aa kama ulivyotoka. Mgeni anapiga picha, anafurahi, anaondoka.

Baada ya yeye kuondoka ndo nakiweka chini ya hadubini. Kwenye ule upande unaong'aa kuna mistari myembamba myekundu imekatana kama nyufa za tope lililokauka, na hapa na pale vidoa vya mviringo. Kila mstari ni mahali ambapo vipande viwili vya grafini vimekutana vikashindwa kushonana vizuri. Siku hizi namwambia mgeni asiondoke kwanza.

Hiyo mistari na vitundu vinatoka wapi?

Kwenye namna ya kutengeneza. Grafini ya eneo kubwa inaoteshwa kwa gesi, unapitisha methani juu ya foili ya shaba kwenye tanuru la nyuzi 1000 hivi, kaboni inabaki juu ya shaba na kuanza kuota kwenye maelfu ya sehemu kwa mkupuo. Kila sehemu inakua na mwelekeo wake, zikikutana pembe hazilingani, panabaki mshono. Baadaye tanuru linapoa, shaba inasinyaa na grafini haisinyai nayo, panatokea mikunjo. Na kama unaihamisha kutoka foili kwenda kwenye kitu kingine, hapo ndo unaichana kabisa, nimechana nyingi siwezi hata kuhesabu.

Wapo wanaooteshea kwenye shaba ya fuwele moja, yaani atomu zake zote zimepangwa mwelekeo mmoja, ili vipande vyote vielekee upande mmoja, na mpangilio wa atomu ukilingana vizuri maji yanashindwa hata kupenya kati ya grafini na shaba. Inafanya kazi vizuri sana. Ila fuwele moja ya shaba sio kitu cha kufunikia meli.

Boroni naitraidi si ingemaliza hiyo ishu ya betri?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na binafsi naipenda kuliko grafini kwa kazi hii. Haipitishi umeme, kwa hiyo ikiwa na kitundu, kitundu kitaharibika kwa kasi ya kawaida yake, hakuna eneo kubwa la pembeni linalokinyonya. Joto nalo inalivumilia ajabu: mwaka 2013 kundi la Chuo Kikuu cha Rice lilionyesha matabaka membamba ya boroni naitraidi yanakinga nikeli kwenye oksijeni mpaka nyuzi 1100. Grafini kwenye hewa yenye joto la namna hiyo ingekuwa imeshaungua zamani, si ni kaboni tu jamani.

Shida yake ni kwamba kuiotesha kwa eneo kubwa na kwa ubora ni kazi ngumu kuliko grafini.

Mbona sijaona daraja lililofunikwa na hizi karatasi?

Na hutaliona. Huwezi kuingiza daraja kwenye tanuru la nyuzi 1000, na hata ungeweza, chuma cha pua na chuma cha kawaida kwa joto hilo vinabadilika ndani, ule ugumu uliolipia unapotea, halafu chuma kinameza kaboni badala ya kuiacha iote juu. Karatasi nzima ya atomu moja kazi yake iko kwenye vitu vidogo na vya thamani: saketi, vioo vya sensa, waya mwembamba wa shaba. Daraja, tangi, meli, bomba, hivyo vinakwenda kwa njia nyingine, nayo ni vigamba ndani ya rangi.

Vigamba ndani ya rangi vinafanyaje kazi?

Fikiria magamba ya samaki au vigae vya paa. Hakuna kigamba kimoja kinachofunika kila kitu, lakini vimelaliana, kwa hiyo molekuli ya maji ikitaka kufika kwenye chuma haiwezi kushuka moja kwa moja, inagonga kigamba, inazunguka, inagonga kingine, inazunguka tena. Mpako una unene uleule lakini safari imekuwa ndefu mara nyingi.

Kuna fomula ya Nielsen ya mwaka 1967 ambayo mpaka leo tunaanzia hapo. Kinachobeba uzito ni uwiano wa upana wa kigamba na unene wake. Kigamba kipana mara 1000 kuliko unene wake, ukikiweka asilimia 2 tu ya ujazo na vyote vikalala sawa na uso wa chuma, upitaji unashuka mpaka kama sehemu moja ya kumi na moja ya ule wa mwanzo. Asilimia 2 tu! Ukitumia chembe za mviringo kwa kiasi hichohicho hupati kitu cha maana.

Sasa hiyo ni hesabu ya kwenye daftari, kwenye ndoo mambo ni mengine. Vigamba vinapendana. Ukivimwaga kwenye epoksi, ile plastiki inayobeba rangi, vinarudiana vinakuwa mabonge, na bonge ni sawa na kokoto, tena pembeni yake linaacha mwanya ambao maji yanautumia kama njia ya mkato. Vingine vinasimama wima badala ya kulala. Na ukizidisha grafini mpaka vigamba vigusane toka juu mpaka chini, umeshatengeneza waya ndani ya rangi na ile betri tuliyoizungumza imerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mtu akikuambia "tuliongeza zaidi ili kinga iwe zaidi" muulize vizuri. Mara nyingi kiasi kidogo, chini ya asilimia 1 kwa uzito, kilichotawanywa vizuri kinashinda kiasi kikubwa kilichoganda mabonge.

Kuna sehemu moja ambapo kupitisha umeme kunasaidia badala ya kuharibu, nayo ni praima ya zinki, ile rangi ya kwanza inayopakwa moja kwa moja kwenye chuma. Zinki inajitoa mhanga iliwe badala ya chuma, lakini lazima chembe za zinki ziguse zenyewe kwa zenyewe na ziguse chuma, ndo maana praima hizo zimejazwa zinki mpaka karibu asilimia 80 ya uzito. Vigamba vya grafini vinaunganisha zile chembe kama nyaya, kwa hiyo zinki nyingi zaidi inashiriki na unaweza kupunguza kiasi chake. Kwa maoni yangu hii ndo njia iliyokomaa kuliko zote, ingawa haina mvuto wa kuandikiwa habari.

Vigamba vyenyewe vinapatikanaje kwa wingi?

Unaipasua grafaiti ndani ya kimiminika. Mwaka 2014 watafiti wa Trinity College Dublin walionyesha kwamba ukikoroga kwa kasi ya kutosha vigamba vinachanika vyenyewe, na ili kuthibitisha walitumia mpaka brenda ya jikoni na sabuni ya vyombo. Ilifanya kazi. Ila usikimbilie brenda ya nyumbani, kinachotoka ni mchanganyiko wa unene tofautitofauti na kuutenganisha ndo kazi yenyewe.

Oksidi ya grafini ni kitu kilekile?

Hapana, na kuchanganya hivi viwili ni kosa ninaloliona kila wiki. Oksidi imejaa vikundi vya oksijeni, inapenda maji, inatawanyika vizuri sana kwenye maji, na ndo sababu watu wanaipenda. Lakini mwaka 2012 Manchester walionyesha kioja: utando wa oksidi ya grafini unazuia heliamu lakini mvuke wa maji unapita kama vile hakuna kitu. Kwa mpako wa kuzuia kutu hiyo ni habari mbaya. Mwaka 2014 wakaja na dawa, ukiondoa ile oksijeni kwa kemikali, walitumia asidi ya haidroayodiki na pia vitamini C, matabaka yanasogeleana na maji yanakosa pa kupita. Kwa hiyo ukisoma utafiti angalia ni ipi waliyotumia na kama waliipunguza oksijeni au la.

Mnapimaje kama mpako unafanya kazi?

Kipimo maarufu ni chumba cha ukungu wa chumvi: maji yenye chumvi asilimia 5, nyuzi 35, yananyunyizwa mfululizo, na sampuli imekwaruzwa msalaba makusudi mpaka chumani ili tuone kutu inatambaa kiasi gani chini ya rangi. Ni kipimo cha kikatili na hakifanani sana na maisha halisi, maana nje kuna jua, kuna kukauka, kuna kulowa tena. Tunakitumia kwa sababu kila mtu anakitumia.

Ninachokiamini zaidi ni kupima impidansi. Unaweka mpako kwenye maji ya chumvi, unapitisha umeme mdogo sana wa masafa mbalimbali, unaangalia unavyokataa kupita. Kwa masafa ya chini kabisa mpako mzuri unakuwa juu ya omu bilioni 1 kwa eneo la sentimita moja ya mraba, ukishuka chini ya milioni 1 ujue maji yameshafika chini hata kama kwa macho rangi bado ni safi. Unapima siku ya kwanza, ya kumi, ya sitini. Mchoro wa siku ya kwanza peke yake haunishawishi hata kidogo.

Halafu kuna kuvuta, unagundisha kijiti cha aluminiamu juu ya mpako unakivuta mpaka king'oke. Mpako unaozuia maji vizuri lakini haujashika chuma utatoa malengelenge tu, na lengelenge likipasuka kazi yote imekwisha.

Zinasaidia kwenye msuguano pia?

Sana, na hii ni kazi ya zamani kuliko jina la nano. Matabaka yanateleza yenyewe kwa yenyewe, basi. Kizuri kujua ni kwamba huwezi kuweka moja mahali pa nyingine hovyo: grafaiti inahitaji unyevu kidogo ili iteleze, na wakati wa vita vya pili vya dunia brashi za kaboni kwenye mota za ndege zilizokuwa zikiruka juu sana, ambako hewa ni kavu, zilisagika unga kwa muda mfupi. Molibdenamu disalfaidi ni kinyume chake, inapenda ukavu na ombwe, ndo maana inapelekwa anga za juu.

Nje ya metali kuna matumizi?

Yapo. Ninayoipenda ni ya michoro ya sanaa: mwaka 2021 watafiti wa Ugiriki walifunika michoro kwa utando wa grafini, ambao unapunguza mwanga kwa asilimia 2.3 tu kwa kila karatasi kwa hiyo huuoni, na kufifia kwa rangi kukapungua mpaka kufikia asilimia 70. Na ukitaka kuutoa unatumia kifutio laini. Nilisoma mara mbili hapo kwenye kifutio.

Nikiona kopo limeandikwa "grafini" niamini?

Uliza kwanza ina karatasi ngapi. Kwa viwango vya ISO, zikizidi 10 hiyo sio tena grafini ya karatasi chache. Mwaka 2018 kundi la Singapore lilipima sampuli za kampuni 60 za duniani kote likakuta nyingi zina grafini halisi chini ya asilimia 10, na hakuna hata moja iliyofika zaidi ya asilimia 50. Kilichobaki ni grafaiti iliyosagwa. Sisemi grafaiti ni mbaya, nasema usilipie jina. Na hapa pia kuna jibu la kwa nini utafiti wa mtu mmoja haurudiwi na mwingine: walinunua "grafini" mbili ambazo hazijuani.

Ina madhara kwa afya?

Ikishaganda ndani ya rangi, hatari ni ndogo. Hatari ni kwenye unga mkavu na unapopiga msasa, yaani pale vigamba vinapoingia hewani na wewe unavuta. Mwaka 2024 yalichapishwa majaribio ya watu 14 waliovuta oksidi ya grafini safi kwa kiasi kilichodhibitiwa na hawakuonekana kudhurika kwa muda mfupi, lakini hiyo ni muda mfupi na ni aina moja tu. Barakoa inayobana, na fanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa. Ukiweza, nunua ikiwa imeshalowa.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya mradi wa hii kitu, nianzie wapi?

Anza na montmorilonaiti, ni rahisi kupata, haipitishi umeme, na itakufundisha kutawanya vigamba bila kukufilisi. Tengeneza sampuli tatu za kila aina sio moja, maana moja itapata vumbi tu wakati inakauka na wewe utaandika sura nzima ya tasnifu kuhusu hilo vumbi. Na usilinganishe na chuma kitupu, kila kitu kinashinda chuma kitupu. Linganisha na epoksi ileile, unene uleule uliopimwa, mara moja bila kitu na mara moja ukiwa umeweka chembe za kawaida kwa kiasi kilekile. Vigamba vyako vikishindwa na chembe za kawaida, ambavyo kwangu vimeshindwa mara mbili, rudi kwenye kukoroga.